Nywele za Bibi na Ukuta wa Bluu

Tanzia ya bibi yangu ilitengenezwa kwenye duka la steshenari, saa mbili usiku, kwa haraka, maana kesho yake asubuhi watu wote walitakiwa wawe wameshaipata kwenye simu. Kijana wa dukani simlaumu sana. Alichukua picha tuliyompa, Bibi kasimama mlangoni kwake na nyuma yake ukuta uliopakwa rangi ya mafuta ya bluu, akabonyeza kitufe kimoja. Ukuta ukapotea. Akamweka Bibi juu ya mawingu, mshumaa kulia, mshumaa kushoto. Elfu tano. Tulipoifungua, mama mkubwa aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mbona wamemnyoa?"

Na kweli walikuwa wamemnyoa. Bibi alikuwa na nywele nyeupe, laini, zile ambazo hazilali hata uzipake mafuta namna gani. Siku ya picha mtandio ulikuwa umerudi nyuma kidogo, na nywele za mbele zimesimama kama moshi wa jikoni asubuhi. Programu ilizikata zote, ikaacha kichwa cha mviringo kama embe. Pale ilipojaribu kuwa mwangalifu, karibu na sikio la kushoto, ikaacha utepe mwembamba wa bluu, mabaki ya ukuta, kama mtu kachora kwa kalamu ya Bic.

Mimi ni mtu wa vitabu, si mtu wa picha. Lakini swali la mama mkubwa lilinikaa. Kwa nini mashine inayoweza kuondoa ukuta mzima inashindwa na unywele? Nilianza kusoma usiku wa msiba, nikaendelea mpaka arobaini, na nilichokikuta ni historia ndefu kuliko nilivyodhani. Ina miaka zaidi ya mia na hamsini, na karibu yote ni historia ya ukingo: ule mpaka mwembamba ambapo mtu anaishia na dunia iliyo nyuma yake inaanza.

Hebu tuanzie baharini. Miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa anapiga picha za bahari, na alikuwa na taabu moja. Vioo vya picha vya wakati ule vilihisi zaidi mwanga wa bluu. Ukisubiri maji yatokee vizuri, anga inaungua, inakuwa nyeupe tupu kama shuka. Ukiiwahi anga, maji yanakuwa meusi. Basi akafanya ujanja: alipiga anga kwenye kioo kimoja na bahari kwenye kingine, akaviunganisha wakati wa kuchapa kwenye karatasi. Watu wakashangaa mawingu yale. Wenye macho makali wamegundua baadaye kwamba anga moja inajitokeza kwenye picha zaidi ya moja, juu ya bahari tofauti!

Sasa angalia alichochagua kuunganishia. Upeo wa macho. Mstari ulionyooka, tambarare, usio na nywele wala majani. Le Gray alijua, kama fundi nguo anavyojua, kwamba mshono hufichwa pale kitambaa chenyewe kina mkunjo. Kama pangekuwa na mnazi mmoja uliosimama kati ya maji na anga, na makuti yake yanapepea, kazi yake ingekuwa ngumu mara mia.

Sinema ndiyo iliyoleta mnazi. Georges Méliès mwaka 1898 alijing'oa kichwa mwenyewe mbele ya kamera, mara tatu, akaviweka mezani vikaimba naye. Siri yake ilikuwa pazia jeusi, kwa sababu cheusi hakiachi alama kwenye filamu na unaweza kuirudisha nyuma ukapiga tena juu yake. Lakini Méliès alikaa sehemu moja na kamera yake ilikaa sehemu moja. Hollywood ilitaka mtu atembee, akimbie, na nyuma yake pawe na mji ambao hakuwahi kufika. Mwaka 1918 Frank Williams alipata hataza ya njia ya kutengeneza kivuli kinachotembea pamoja na mwigizaji. Mimi nitakiita kizibo, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Kizibo kinafanya hivi. Unampiga picha mwigizaji mbele ya ukuta wa rangi moja. Kutokana na filamu hiyo unatengeneza filamu ya pili ambayo mwigizaji ni doa jeusi tu, lenye umbo lake, picha kwa picha. Unachukua filamu mpya, unachapa mandhari ya nyuma huku doa likizuia mwanga usifike mahali pa mwigizaji. Unarudisha filamu mwanzo, unamchapa mwigizaji ndani ya lile tundu. Kwa maneno ni rahisi. Lakini filamu husinyaa inapooshwa, hucheza ndani ya mashine, na kosa la upana wa unywele likikuzwa kwenye pazia la sinema linakuwa kubwa kama mkono. Kizibo kikizidi kidogo, mwigizaji anazungukwa na mstari mweusi. Kikipungua, mandhari inamvujia mwilini.

Wapenzi wa riwaya mnamjua yule mtu asiyeonekana wa H. G. Wells. Filamu yake ilitoka mwaka 1933, na aliyehusika na maajabu yake ni John Fulton. Pale jamaa anapovua bandeji na ndani hamna kitu, Fulton alimfunika mtu mahameli nyeusi kuanzia utosini, akamvalisha nguo juu yake, akamsimamisha kwenye chumba kilichozungushiwa mahameli nyeusi vilevile. Kinachobaki kwenye filamu ni nguo zinazotembea. Lakini matundu ya macho yalionekana, na mikunjo, na kingo za kola. Fulton mwenyewe alieleza kwamba futi 4,000 hivi za filamu zilibidi zirekebishwe kwa mkono, kwa brashi ndogo na rangi, picha moja moja. Ni kama picha 64,000. Nikifikiria watu waliokaa na brashi wakifuta matundu ya macho 64,000, kijana wa steshenari na kitufe chake nampunguzia hasira kidogo.

Rangi ilipoingia, ikaja na bluu. Mwaka 1940 Lawrence Butler alitumia ukuta wa bluu kwenye filamu ya The Thief of Bagdad, na akapata Oscar. Kamera ya Technicolor ya wakati ule ilirekodi kwenye filamu tatu kwa pamoja: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Kwenye ile ya bluu ukuta unang'aa na mtu anakuwa giza, kwa hiyo umbo la kizibo liko mle ndani tayari. Ni wazo zuri kabisa. Na sisi tuliokua na Alfu Lela Ulela tunajua kisa: mtu na chupa ufukweni, moshi, kisha jini. Kwenye filamu ile jini ni Rex Ingram, Mmarekani mweusi, mkubwa kama mlima, na Sabu, kijana wa Kihindi, kasimama mchangani akiwa mdogo kama kidole. Iangalie leo, iko mtandaoni. Jini anaruka na kicheko chake, na ukimtazama vizuri utaona pembeni yake utepe wa bluu. Ule ule wa sikio la Bibi.

Niliuona nikasimamisha video. Miaka yote ile, kosa lile lile.

Kizibo cha Butler kilijua majibu mawili tu. Hapa ni mtu, hapa si mtu. Sasa chukua unywele mmoja. Ni mwembamba kuliko nukta ya picha. Nukta moja (pikseli, kama tunavyosema sasa) pale ukingoni ina unywele kidogo na ukuta kidogo, vimechanganyika kama maziwa kwenye chai. Ukisema ni mtu, unabeba bluu ya ukuta. Ukisema si mtu, umemnyoa. Hakuna jibu la tatu. Na moshi je? Na shela ya bibi harusi? Na glasi ya maji?

Waliokwepa tatizo hili kwa uzuri kabisa walitumia taa za sodiamu, dada zao hizi taa za njano za barabarani. Mwanga wa sodiamu una rangi moja finyu sana ya njano, nanomita 589, na kila rangi nyingine ya dunia inaweza kuishi bila hiyo. Wazo lilianza kufanyiwa kazi Uingereza miaka ya 1950, Disney wakalichukua. Ukuta wa nyuma unamulikwa kwa sodiamu. Taa za waigizaji zinachujwa ili njano ile ile itoke. Ndani ya kamera kuna prizimu inayogawa mwanga: njano hiyo inaenda kwenye filamu ya kizibo, mwanga mwingine wote unaenda kwenye filamu ya rangi. Filamu mbili, lenzi moja, sekunde ile ile. Kinachotoka si doa jeusi tena bali picha yenye viwango vya kijivu, kwa sababu njano iliyopenya kwenye kitambaa chepesi inarekodiwa kama nusu, au robo, au kama ilivyo. Ndiyo maana mwaka 1964 Mary Poppins aliweza kuvaa kofia yenye wavu usoni, akaingia kwenye dunia ya katuni, na wavu ukabaki wavu. Hitchcock aliwapelekea kazi ya ndege wake wa The Birds, maana bawa linalopigapiga lina ukingo mbaya kuliko nywele. Ila njia hii ilikuwa kama mpishi mmoja anayejua pilau mtaa mzima. Prizimu ilikuwa shida kutengeneza, kamera ilikuwa ya kampuni, wengine wakabaki wanatazama.

Aliyetengeneza prizimu hiyo alikuwa Petro Vlahos, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1916 huko New Mexico, na mwaka 1965 yeye, Ub Iwerks na Wadsworth Pohl walipewa Oscar kwa kazi hiyo. Lakini kwangu mimi kazi yake kubwa ni nyingine. MGM walikuwa wanaandaa Ben-Hur, ya mwaka 1959, na walitaka ukuta wa bluu usioacha utepe. Vlahos hakununua taa mpya wala kujenga kamera. Alikaa akafikiria.

Alichokiona ni hiki. Usiulize "je, hapa ni bluu?" Uliza "bluu imezidi kijani kwa kiasi gani?" Kwenye ukuta imezidi sana. Kwenye uso wa binadamu haizidi kabisa. Na hapa nilisimama nikasoma mara mbili: ngozi zetu zote, ya Rex Ingram, ya Sabu, ya Mzungu wa Ben-Hur, ya bibi yangu, zina nyekundu nyingi, kijani kidogo, bluu kidogo zaidi. Damu na weusi wa ngozi vinakula bluu. Mpangilio ni ule ule kwa watu wote, kinachotofautiana ni mwangaza. Nimesoma mengi kuhusu filamu za zamani zilizotengenezwa kwa kufikiria ngozi nyeupe peke yake, kwa hiyo nilitegemea kukuta ubaguzi hapa pia. Hesabu hii haikuwa nao.

Kwenye unywele, tofauti ya bluu na kijani inakuwa katikati, na hiyo katikati ndiyo kipimo cha ukuta unaopenya. Kisha, hatua ya pili, popote bluu ilipozidi kijani unaishusha mpaka ilingane nayo. Utepe unakufa. Nywele nyeupe na za kijivu zinapona kabisa, kwa sababu kwenye kijivu rangi zote tatu ziko sawa.

Nikasema basi, hii hesabu ni ya nyanya yangu. Nywele nyeupe, ukuta wa bluu. Ni kama Vlahos alikuwa anamsubiri.

Nitarudi huko. Kwanza tukumbuke kwamba kwetu huku tatizo hili tulilitatua kwa pazia. Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na studio nyingine za mwambao, zilikuwa na njia iliyo safi kuliko zote: badilisha nyuma kabla ya kupiga. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walijenga mandhari za meli na ndege, na mtu aliyeshuka kutoka bara akasimama hapo akawa msafiri. Hakuna aliyekatwa nywele. Ukingo ulichorwa na mwanga wenyewe, na mwanga haukosei. Ulijua kabisa kwamba ndege ni ya kuchora, aliyetumiwa picha kijijini naye alijua, na hakuna aliyeona kadanganywa. Sijawahi kusikia mtu akicheka picha ya studio kama tunavyocheka "mabango" ya WhatsApp.

Turudi kwenye hesabu. Kiasi kile cha katikati kilipata jina rasmi kwenye kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye New York Institute of Technology, Ed Catmull na Alvy Ray Smith waliamua kwamba kila pikseli, pamoja na nyekundu, kijani na bluu yake, ibebe namba ya nne inayosema imejaa kiasi gani. Wakaiita alfa, kwa sababu ndiyo herufi ya Kigiriki iliyokuwa kwenye fomula ya kuchanganya. Sifuri ni hewa tupu, moja ni mtu kamili, sifuri nukta tatu ni unywele. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff waliandika jinsi ya kupandanisha picha zenye namba hiyo, na wakashauri kitu kinachoonekana kidogo lakini ndicho kinachookoa kingo: rangi ihifadhiwe ikiwa imeshazidishwa na alfa yake. Yaani pikseli yenye unywele asilimia 30 ihifadhi asilimia 30 ya rangi ya unywele na basi, isibebe kitu cha ukuta. Ukiiweka juu ya mawingu, asilimia 70 inayobaki inajazwa na mawingu. Picha nyingi zenye utepe unaoziona leo zina alfa nzuri tu. Kilichosahaulika ni kuosha rangi. Mtu katolewa kwenye ukuta, ila ukuta haujatolewa kwa mtu.

Mwaka 1996 Smith na James Blinn waliandika makala ambayo ilinifanya nifunge kompyuta kwa muda. Walionyesha kwa hesabu ya kawaida kwamba kwa picha moja tatizo hili, kwa ujumla wake, halina jibu moja. Pikseli inakupa namba tatu. Unatafuta nne: rangi tatu za mtu na alfa yake. Milinganyo mitatu, visivyojulikana vinne, hata mwanafunzi wa kidato cha pili anajua haitoshi. Butler, Vlahos, wote walikuwa wanakisia namba ya nne kwa kudhani kitu fulani kuhusu mtu aliyesimama. Jibu kamili lipo, wakasema: mpige mtu yule yule, akiwa ametulia vile vile, mbele ya ukuta wa rangi nyingine. Sasa una namba sita, na kila unywele unapatikana.

Mpige tena. Mbele ya ukuta mwingine.

Tulikuwa tumemzika siku tisa kabla.

Usiku ule nilijaribu hesabu ya 1959. Nilitumia programu ya bure, si mtaalamu, nikafuata hatua. Nywele zilirudi! Zote, hata zile tatu ndefu za juu ya kipaji. Utepe wa sikio ukaisha. Nikashuka chini kuangalia mabega, nikakuta Bibi hana bega la kulia. Alikuwa amejifunga kanga ya bluu na nyeupe, na kwa hesabu ya Vlahos kanga ya bluu ni ukuta. Maua ya kanga yalikuwa yametoboka, unaona upande wa pili. Jina la kanga, ule msemo wa pindoni, lilikuwa limebaki kwa herufi nyeupe zinazoning'inia hewani. Nilicheka peke yangu saa saba usiku, kisha sikucheka.

Ilibidi nifanye kama watu wa Fulton. Nikaizungushia kanga mstari kwa mkono, nukta kwa nukta, nikaiambia programu humu ndani usiguse. Saa nne nzima kwa bega moja.

Najua sasa hivi kuna njia nyingine. Mwaka 2017 watafiti walifundisha mashine kwa kuchukua picha 493 zilizokatwa kwa uangalifu mkubwa, wakaiweka kila moja juu ya mandhari mia, ikawa mifano 49,300, na tangu hapo mashine zinakisia namba ya nne kwa kukumbuka nywele zilizokwisha kuziona. Zinafanya kazi nzuri ajabu, sibishi. Ila kumbukumbu ni za nywele walizoonyeshwa, na kwa macho yangu, kwenye simu yangu, nywele ndefu zilizolala hutoka salama kuliko zetu zilizosimama. Zetu hupewa mviringo. Kitufe cha steshenari hakikuona nywele za Bibi kikaamua kuzikata. Kilikisia kichwa, kikachora kichwa.

Picha ya arobaini nilimweka juu ya kijivu tupu, bila mawingu wala mshumaa. Mama mkubwa alipoiona alimgusa nywele kwa kidole, juu ya kioo cha fremu, akasema, "Sasa huyu ndiye." Halafu akauliza ukuta wake wameupeleka wapi. Nikamwambia nimeutoa mimi. Akaguna.

Fremu iko sebuleni kwake. Karibu na sikio la kushoto, ukisogea sana, kuna pikseli tatu za bluu ambazo sikuziosha. Niliziona siku tuliyoitundika, mafundi wa kuchapa wameshalipwa. Kila nikienda naziangalia kwanza, ndiyo nakaa.